Joto, Jotoridi na Kuchemka: Uhakiki wa Istilahi za Vipimo vya Joto

Kwa muda sasa tumekuwa tukisoma vitabu vya sayansi vya shule za msingi, vipeperushi vya zahanati, maelezo yanayobandikwa juu ya majokofu ya chanjo na tafsiri za taarifa za hali ya hewa, tukiwa na nia ya kuchunguza jambo moja: jinsi Kiswahili kinavyotaja joto la vitu, na hasa lile joto ambalo kitu hugandia au huchemkia. Tulianza kazi hii tukidhani kuwa ni nyepesi. Maneno yenyewe ni ya jikoni: joto, baridi, kuganda, kuyeyuka, kuchemka. Hakuna mtoto aliyelelewa katika lugha hii asiyeyajua kabla ya kuingia shule. Lakini kadiri tulivyoendelea kusoma ndivyo tulivyozidi kuona kwamba mazoea hayo ndiyo yanayowaponza wafasiri. Mtu akikutana na neno geni husimama, akafungua kamusi, akauliza. Akikutana na “kuganda” hupita moja kwa moja, wala hajui kuwa amejikwaa.

Tuanze na joto lenyewe. Sayansi hutenganisha mambo mawili: nishati inayotoka katika kitu cha moto kwenda katika kitu cha baridi, na kipimo kinachoonyesha kitu kina umoto wa kadiri gani. Kijiko kimoja cha maji yanayochemka kina umoto uliozidi ule wa ndoo ya maji vuguvugu. Lakini tukivitia barafu vyote viwili, ndoo itayeyusha barafu nyingi mno kuliko kijiko. Kiswahili cha kila siku hutumia neno “joto” kwa yote mawili, na sokoni hakuna anayedhurika kwa hilo. Darasani mambo ni mengine. Kilo 1 ya maji yaliyokwisha kufikia kuchemka huhitaji kilojuli zipatazo 2,257 ili yote yageuke mvuke, na katika muda huo wote kipimajoto hakisogei. Kadhalika kilo 1 ya barafu iliyo katika nyuzi 0 huhitaji kilojuli 334 hivi ili iyeyuke, na maji yatokanayo nayo huwa bado katika nyuzi 0. Mwalimu mwenye neno moja tu hana budi kuwaambia wanafunzi wake kwamba joto linaendelea kuongezwa lakini joto haliongezeki. Wanafunzi huandika hivyo katika madaftari yao na kuamini kwamba sayansi ni elimu ya mafumbo.

Ndiyo sababu wanaistilahi walitafuta neno la pili. Tanzania vitabu vya shule vilizoea “jotoridi”. Kenya aghalabu utasikia “halijoto”. Yote mawili yameundwa kwa njia halali. Katika jotoridi sikio la Mswahili husikia joto na baridi kwa pamoja, nalo ni jambo la manufaa, maana ni vigumu kuzungumzia “joto” la naitrojeni ya majimaji, ambayo huchemka katika nyuzi 196 chini ya sifuri na kuunguza ngozi kwa ubaridi wake. Halijoto nayo hujieleza yenyewe: hali ya joto. Sisi twaelemea upande wa jotoridi kwa sababu hiyo tuliyoitaja, ila hatungependa kumwona mwalimu wa Nairobi akilazimishwa kuacha neno ambalo wanafunzi wake wanalielewa. Tunalolipinga ni kuyachanganya. Tumekiona kitabu ambacho sura yake ya 3 husema jotoridi, sura ya 5 halijoto, na mazoezi ya mwisho “kiwango cha joto”, pasipo maelezo yoyote. Mtoto mwangalifu, yule hasa tunayemtaka aendelee na sayansi, atadhani ni vitu vitatu.

Sasa tufikie kiini cha uhakiki wetu. Kiingereza huita joto la kuchemka kwa neno lenye maana ya nukta, na wafasiri wetu wamehangaika sana na nukta hiyo. Wapo waliosema “nukta ya kuchemka”. Msomaji huona doa la wino. Walio wengi wamesema “kiwango cha kuchemka”, na istilahi hii imekwisha kuota mizizi katika vitabu na mitihani. Hatusemi ing'olewe, lakini kasoro yake ionekane wazi. Kiwango ni kadiri, ni kima. Ukisema “kiwango cha uzalishaji” wamaanisha uzalishaji ni mwingi kiasi gani. Kwa mantiki hiyo hiyo “kiwango cha kuchemka” chaweza kueleweka kuwa ni ukali wa kuchemka, yaani kama maji yanatokota polepole au yanafurika. Kwa upande wa kuganda hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa hospitalini “kiwango cha kuganda kwa damu” hutumika kwa maana isiyohusiana kabisa na baridi.

Rai yetu ni kwamba nukta hiyo haikuhitaji kutafsiriwa. Kitenzi cha Kiswahili kinayo tayari tumboni mwake. Kauli ya kutendea hutuwezesha kusema chumba cha kulalia, kisu cha kukatia, mahali pa kufikia. Kiambishi kile kidogo hubeba mahali, chombo au hali ambamo tendo hutendeka. Basi kwa nini tusiseme “jotoridi la kuchemkia”, “jotoridi la kugandia”, “jotoridi la kuyeyukia”? Maji ya usawa wa bahari huchemkia nyuzi 100. Spiriti huchemkia nyuzi 78. Zebaki hugandia nyuzi 38.8 chini ya sifuri na kuchemkia nyuzi 357. Dhahabu huyeyukia nyuzi 1,064. Chuma huyeyukia nyuzi 1,538. Sentensi hizi ni fupi, hazina nukta wala kiwango, na bibi kizee asiyepata kusoma kitabu atazielewa. Watengenezaji wa gongo, ambao hatuna nia ya kuwasifu, wameijua maana yake miaka mingi pasipo istilahi: spiriti huchemkia chini kuliko maji, kwa hiyo hutangulia kupanda mvuke.

Tumekwisha kuambiwa kwamba “kugandia” ina maana nyingine mitaani, ya kumng'ang'ania mtu, na kwamba wanafunzi watacheka. Wacheke. Maneno mangapi ya sayansi yaliwahi kuchekwa na leo hakuna anayekumbuka sababu ya kicheko? Pingamizi lenye uzito ni kwamba mitihani imezoea “kiwango cha kuchemka”, na mtahiniwa hapaswi kuadhibiwa kwa sababu ya mabishano yetu. Kwa hiyo twapendekeza kwamba istilahi hiyo ibaki kuwa jina, na fasili yake iandikwe kwa kauli ya kutendea: kiwango cha kuchemka ni jotoridi ambalo kitu huchemkia chini ya kanieneo lililotajwa.

Maneno hayo ya mwisho tumeyaweka kwa makusudi, maana fasili nyingi tulizozisoma zimeyaacha. Kila kitabu husema kwamba maji huchemka katika nyuzi 100. Ni kweli Dar es Salaam, ni kweli Mombasa, ni kweli Unguja. Si kweli Mbeya wala Nairobi. Kadiri mtu anavyopanda juu hewa inayomkandamiza hupungua, na jotoridi la kuchemkia hushuka takriban uzi 1 kwa kila mita 300. Katika mji ulio kwenye mita 1,700 au 1,800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemkia nyuzi 94 hivi. Katika kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, huchemkia karibu nyuzi 80, wala chai haitoki vizuri. Tulipata kukaa nyuma ya darasa moja la nyanda za juu ambapo mwalimu, mtu wa bidii sana, alichemsha maji mbele ya wanafunzi, akasoma kipimajoto, akaona 94, akatangaza kuwa chombo ni kibovu. Kilikuwa kizima. Kilichokosea ni sentensi ya kitabu, iliyofasiriwa pasipo sharti lake. Wanafunzi wale waliondoka na mafunzo mawili ya uongo: kwamba maji yao huchemka kwa nyuzi 100, na kwamba kitabu kikipingana na kipimo basi kipimo ndicho kinachodanganya. Hili la pili ndilo linalotusikitisha zaidi. Mama zao nyumbani walijua kwamba maharage ya mlimani hukawia kuiva, ila hakuna aliyewaunganishia mambo hayo mawili.

Kuhusu neno “kanieneo”, kani juu ya eneo, twaliona kuwa limeundwa kwa ustadi. Watabiri wa hali ya hewa wamezoea “mgandamizo wa hewa”, nao wana haki ya mazoea yao. Lakini katika sura inayozungumzia kuganda, neno mgandamizo lina sauti inayopotosha, hivyo mfasiri afadhali aliepuke humo.

Kuganda ndiko kwenye matata makubwa. Maziwa huganda, damu huganda, saruji huganda, ruba huganda mguuni, na maji huganda yakawa barafu. Katika mifano yote mitano ni ile ya mwisho tu inayohusu jotoridi la kugandia kwa maana ya kemia. Maziwa ya mgando hayakugandishwa na baridi. Ni bakteria waliotia asidi, na vuguvugu huyasaidia. Damu huganda mwilini mwenyewe katika nyuzi 37. Saruji hukazwa na maji yanayoungana nayo. Wapo waliopendekeza neno jipya kwa ajili ya baridi peke yake. Hatuoni haja hiyo, kwa sababu mfano mzuri tunao nyumbani, nao ni mafuta ya nazi. Mafuta haya huyeyukia nyuzi 24 hivi. Pwani hukaa majimaji karibu mwaka mzima. Yakipelekwa Arusha au Iringa, asubuhi ya mwezi wa Julai hukutwa meupe na magumu chupani, na jua likipanda hurudi kuwa majimaji bila kuharibika. Mnunuzi asiyejua hudhani amepunjwa. Hapo pana kuganda na kuyeyuka kwa maana halisi ya kisayansi, kwa jotoridi lile lile kwenda na kurudi, pasipo barafu wala friza. Mwalimu akianzia hapo, kisha aonyeshe kwamba maziwa ya mgando hayarudi kuwa maziwa mabichi hata yakipashwa moto, tofauti itaeleweka kwa somo moja.

Palipo na uhai wa watu, hata hivyo, mfano mzuri hautoshi. Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B, na ile ya pamoja ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Zikigeuka barafu huharibika, na zikiyeyuka hazirudii nguvu zake. Chanjo ya matone ya polio, kinyume chake, hustahimili kugandishwa. Sasa tazama maneno yanayobandikwa. Tumeona “isigande” peke yake, na tumeona “isiwekwe kwenye jokofu la kugandisha”. Hili la pili lina matata kwa sababu neno jokofu hutumiwa na wengi kwa friji na kwa friza pia. Mhudumu mwenye haraka husoma “isiwekwe kwenye jokofu” na kuishia hapo, akaiacha chanjo mezani katika joto la mchana. Lile la kwanza ni baya zaidi, japo ni sahihi kisarufi. Anayeambiwa “isigande” hutazama kama dawa imeganda kama maziwa. Chupa iliyogeuka barafu usiku, pembeni mwa ukuta wa friji, ikayeyuka asubuhi, humtazama ikiwa majimaji. Haijaganda, atasema, na atachoma sindano isiyo na faida, na mtoto ataandikwa katika kadi kuwa amekingwa. Wahudumu waliofunzwa wanalo jaribio la kutikisa, ambamo chupa inayotiliwa shaka hulinganishwa na nyingine iliyogandishwa makusudi, ili kuona masimbi yanavyotuama. Lakini jaribio hilo hufanywa na yule tu aliyeingiwa na shaka. Tangazo linalofaa lingesema: “Weka kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8. Isifikie nyuzi 0. Ikiwahi kugeuka barafu, hata kama imeyeyuka tena, isitumike.” Ni maneno mengi kuliko asili ya Kiingereza. Mfasiri asiogope kuzidisha maneno pale ambapo lugha aifasiriyo imebana maana katika neno moja na yetu haikubana.

Kuyeyuka nako kuna kasoro yake, ila yaweza kuponywa kwa upesi. Twasema barafu imeyeyuka, na twasema sukari imeyeyuka katika chai. Kemia haikubali. Chumvi huenea majini katika joto la kawaida la nyumba, lakini kuyeyuka kwake hasa, ikiwa peke yake, hutaka nyuzi 801. Mwanafunzi aonaye katika jedwali kwamba chumvi huyeyuka kwa nyuzi 801, na mezani huona ikiyeyuka katika mchuzi, ana haki ya kushangaa. Neno “kumumunyuka” na jamaa zake lipo, vitabu vingine vimekwisha kulitumia kwa vitu vinavyopotelea katika kimiminika, na litumike huko kila mara. Kuyeyuka kuachiwe moto. Na pasahauliwe kwamba vitu vingine havina jotoridi moja la kuyeyukia: nta, siagi, lami na kioo hulainika kidogo kidogo. Barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa, haiyeyuki kabisa katika kanieneo la kawaida. Hugeuka gesi moja kwa moja katika nyuzi 78.5 chini ya sifuri. Majedwali yanayojaza kila chumba kwa namba hudanganya hapo.

Tumalizie na vipimo vyenyewe. Vitabu vingi bado vyasema “sentigredi”, neno lenye maana ya hatua mia. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliliacha neno hilo mwaka 1948, kwa sababu mojawapo kwamba katika Kifaransa lilitumika pia kwa kipimo cha pembe, ukachukua jina la Anders Celsius, mtaalamu wa nyota wa Uppsala, Sweden. Celsius mwenyewe, mwaka 1742, alihesabu kinyume na sisi: 0 kwa maji yanayochemka na 100 kwa maji yanayoganda. Yalipinduliwa baada ya kifo chake cha mwaka 1744. Kwa hiyo “Selsiasi” ndilo neno sahihi leo, na sentigredi liachwe kwa wanahistoria. Farenhaiti, aliyotangaza Daniel Gabriel Fahrenheit mwaka 1724, hutujia katika maelezo ya mapishi na dawa za Marekani: maji hugandia 32 na kuchemkia 212. Kelvini huanzia sifuri halisi, nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, na hapa wafasiri hukosea karibu wote. Tangu mwaka 1967, mwaka ule ule ambao sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ilitungwa Tanzania, Kelvini haina digrii. Husemwi “nyuzi 300 za Kelvini”. Husemwa “kelvini 300”, kama mita 300. Na tangu Mei 2019 kipimo hicho hakitegemei tena maji, bali namba isiyobadilika ya Boltzmann. Maji yakipimwa kwa usahihi mkubwa huchemkia nyuzi 99.97. Kitabu kisemacho kwamba skeli ya Selsiasi “hufafanuliwa” kwa kuganda na kuchemka kwa maji kinaeleza historia, wala si kanuni ya leo.

Kosa linaloenea magazetini ni la kubadili tofauti za joto kana kwamba ni majotoridi. Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 yalitaja ongezeko la nyuzi 1.5 za Selsiasi. Mfasiri anayechukua kanuni ya kubadilisha, akazidisha na kuongeza 32, hupata nyuzi 34.7 za Farenhaiti, yaani ongezeko la kuangamiza viumbe vyote. Jibu ni nyuzi 2.7, kwa kuwa katika tofauti ile 32 haihesabiwi. Wengine huandika “asilimia 1.5”, jambo ambalo halina maana yoyote. Na mara nyingine tunasoma kwamba mji wenye nyuzi 30 una “joto maradufu” ya mji wenye nyuzi 15. Sifuri ya Selsiasi imewekwa tu mahali maji hugandia. Juu yake hakuna mara mbili.

Neno “nyuzi” twalipenda. Atazamaye kipimajoto cha zebaki huona uzi mwembamba wa fedha ukipanda ndani ya kioo, na picha hiyo inafaa. Ila umoja wake ni uzi: “uzi 1”, si “nyuzi 1”. Mwisho ni kistari. Katika hati nyingi kistari kile kile hutumika kwa “hadi” na kwa “chini ya sifuri”, hata tumeona “nyuzi -2-8” katika maelezo ya kuhifadhi dawa, ambapo msomaji hawezi kujua kama kuanzia ni nyuzi 2 juu ya sifuri au chini yake. Tunashauri kwamba katika tangazo lolote la afya kistari kisitumike kabisa. Iandikwe “kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8”, na pale panapohitajika, “nyuzi 20 chini ya sifuri”, kwa maneno.